Ule mkungu wa ndizi

Kiborloni, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Eliya,

Hujambo shoga? Mkweo mpe shikamoo yangu. Huku mvua haijakata, mlima hatujauona wiki nzima. Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ningeishia kulia.

Unamkumbuka Upendo, binti wa kaka, aliyeolewa Ubelgiji? Mimba yake ilipofika miezi mitano, utrasaundi ikaonyesha kiwambo cha mtoto, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kina tundu upande wa kushoto. Utumbo umepanda kifuani, moyo umesukumwa kulia, mapafu hayana pa kukulia. Mikono iliniganda. Ni maneno yaleyale uliyoambiwa wewe, ila wewe uliambiwa tumeshamzika mwanao.

Wakampeleka hospitali ya Leuven, hukohuko Ubelgiji. Wiki ya 28 wakapitisha kijibomba chembamba kuliko kalamu tumboni mwake, hadi mdomoni mwa mtoto, wakaacha kiputo kwenye njia yake ya hewa. Nikamaka: mnamziba pumzi? Akacheka, "Shangazi, humo ndani hapumui hewa." Kumbe mapafu ya mtoto hutoa maji yenyewe. Ukiyazibia njia, maji yanabaki humo na kuyatanua. Mtoto naye alichomwa sindano, asisikie maumivu wala asigeuke. Upendo akakatazwa kwenda mbali na hospitali, maana uchungu ukimkuta mahali pasipo na mtu wa kukitoa kile kiputo, basi tena. Wiki ya 34 wakakitoa.

Tundu lenyewe hawakuligusa, hilo hushonwa akishazaliwa. Wala hawakumficha kitu. Utafiti wao uliotoka 2021 ulisema kwa watoto wenye hali mbaya kama huyu, waliowekewa kiputo walitoka hospitali hai 40 katika kila 100. Wasiowekewa, 15. Na wengi wa waliowekewa huzaliwa kabla ya siku zao.

Sasa nisikilize. Nilimtuma Upendo akamuulize daktari swali lako, kama ni ule mkungu wa ndizi uliojitwika kutoka kihambani ukiwa na mimba ya miezi saba ndio uliomletea mwanao tundu, na yale waliyoyanong'ona wale akina mama msibani. Daktari akasema kiwambo hujifunga kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Miezi mitatu, Mama Eliya! Wakati huo hata mimba hujaijua, unatapika unasingizia dagaa wa Mbuyuni. Mkungu umekuja tundu lipo zamani. Wale mama walisema wasichokijua, na mimi nilikaa palepale nikanyamaza. Hilo nalo linaniuma.

Mtoto wa Upendo amezaliwa Jumanne, kilo mbili na robo. Yuko kwenye mashine, operesheni bado. Jina hawajampa. Tumwombee.

Jumamosi ukitoka Usa River shukia kwangu. Usibebe kitu. Mshare umekomaa, mtori nitapika mwenyewe.

Wako,
Mama Glory