Tuijaze fomu ya lugha kwa ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwafikie wasomaji wako waishio Marekani, hasa sisi wa jimbo la Minnesota, kuhusu namna tunavyoandikisha watoto wetu katika shule ndogo za mkataba, zile ambazo wengi wetu tumezoea kuziita shule za chata, na hasa fomu ya lugha ya nyumbani, ile ambayo mzazi huulizwa lugha inayosemwa nyumbani kwake.

Kwa wasiozifahamu, hizi ni shule za umma zisizotoza ada, ila kila moja huendeshwa na bodi yake badala ya wilaya ya elimu, na waombaji wakizidi nafasi zilizopo watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu. Minnesota ndiyo iliyotangulia kuzitungia sheria, mwaka 1991, na ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Mwanangu yuko katika shule isiyofikisha wanafunzi 130, na kilichotuvuta ni udogo huohuo: mwalimu mkuu anamjua kila mtoto kwa jina, na mara nyingine hata jina la bibi yake.

Lakini katika shule ndogo kila mtoto ni asilimia. Ruzuku ya jimbo hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo familia mbili zenye watoto sita zikihamia Iowa kufuata kazi za viwanda vya nyama, shule ya wanafunzi 120 imekwisha kupoteza asilimia 5 ya watoto wake, ilhali kodi ya jengo na mshahara wa mwalimu viko palepale.

Tangu mwaka wa masomo wa 2023/2024 chai ya asubuhi na chakula cha mchana shuleni ni bure kwa watoto wote wa jimbo hili, na wazazi wengi wakaona fomu ya kipato, waliyokuwa wakiijaza kuombea chakula hicho, haina kazi tena. Ina kazi. Hutumika bado kuhesabu familia zenye kipato kidogo, na hesabu hiyo huchangia kuamua fedha za ziada zinazopelekwa kwa ajili ya watoto hao. Fomu iliyosahauliwa ndani ya begi la mtoto inaifanya shule ya maskini ionekane kwenye karatasi kuwa ya wenye nacho.

Jambo linaloniuma zaidi ni lugha. Sheria ya jimbo ya mwaka 2016 iliagiza takwimu za wanafunzi zichambuliwe kwa undani kuliko kuandika tu "Weusi" na kuishia hapo, na chini ya kundi hilo fomu ya asili ya mwanafunzi ikawekewa visanduku vya Wamarekani Weusi, Wasomali, Waliberia, Wanigeria, Waoromo na Waethiopia wengine. Mkongo, Mrundi, Mkenya na Mtanzania wote hutumbukia katika kisanduku cha "wengine". Siwalaumu walioandaa fomu, maana Wasomali na Waliberia ni wengi hapa na walijitokeza kudai kuhesabiwa. Ila matokeo yake ni kwamba mahali pekee ambapo mtoto wetu anaweza kutambulikana ni kwenye fomu ya lugha ya nyumbani, na hapo ndipo tunapojifuta wenyewe kwa kuandika Kiingereza.

Nakiri kwamba nami niliandika hivyo. Niliogopa mwanangu asije akatengwa na wenzake kwa madai kwamba hajui Kiingereza, na sikuwa nimeelewa kwamba fomu peke yake haimpeleki mtoto popote: hupimwa kwanza, na hata akionekana anahitaji msaada, mzazi ana haki ya kuukataa. Nilirudi ofisini nikaomba fomu nyingine. Familia kutoka Kongo, ambazo mama anasema Kibembe na watoto wanacheza kwa Kiswahili, nazo zieleze hivyohivyo zilivyo, kwa kuwa shule ambayo takwimu zake hazioneshi Mswahili hata mmoja haina hoja ya kumwajiri mkalimani wa Kiswahili siku ya kikao cha wazazi.

Takwimu hizi husomwa pia mbali na ofisi za shule. Katika kesi ya utengano wa wanafunzi shuleni kwa misingi ya rangi iliyofunguliwa jimboni mwaka 2015, shule za mkataba zenye wanafunzi wa asili moja zimekuwa sehemu ya mabishano, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilisema kutolingana kwa rangi peke yake hakutoshi kuthibitisha madai, bali ionekane kuwa ni sababu kubwa ya elimu duni. Mimi naamini mzazi aliyechagua shule kwa hiari hajatengwa na mtu, ingawa najua wapo wasiokubaliana nami.

Hesabu rasmi ya wanafunzi hufanyika tarehe 1 Oktoba. Aliyeandika Kiingereza kwa hofu kama mimi aende kwa katibu wa shule kabla ya siku hiyo.

Wako,
Mzazi,
St. Paul, Minnesota