Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Itoshe kusema hatudaiwi. Mimi nitazungumzia zaidi mada tuliyoichagua mwaka jana, picha za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nchi hii iliyotupokea. Wengi wetu tuliofika Adelaide kutoka Kigoma, Uvira au Bujumbura tulizifahamu kwa nukta zake tu, zile za kwenye mabegi ya watalii.

Katika vikao vyetu, aliyetugusa kuliko wote ni marehemu Sally Gabori, mchoraji wa kabila la Wakaiadilt, wa kisiwa cha Bentinck, Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1948, bahari ilipofurika na kuharibu maji ya kunywa, watu wake walihamishiwa kisiwa cha Mornington. Alianza kuchora 2005, akiwa bibi wa miaka 80 hivi, na alipofariki 2015 aliacha kazi zaidi ya 2,000. Ukizipitia haraka utaona mabaka makubwa ya rangi basi. Kumbe hii ni Thundi, pwani ya baba yake, na ile ni Dibirdibi, ya mumewe. Wenzetu waliowahi kukimbia makwao hawakuhitaji maelezo zaidi.

Huko jangwani, katika kijiji cha Papunya katikati ya Australia, wazee walichora sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule mwaka 1971. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao, Papunya Tula, ambayo mpaka leo ni mali ya wachoraji. Nukta zenyewe wakati mwingine ni pazia: zinafunika mambo ya jando yasiyotakiwa kuonwa na kila mtu. Wala mtu hajichorei tu hadithi aipendayo; huchora ya ukoo wake, ile aliyo na haki nayo.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa 1997. Wachoraji wa Jangwa Kuu la Mchanga, wakidai ardhi yao, walitandika turubai moja la mita 8 kwa 10 mbele ya baraza la madai. Kila shahidi alisimama juu ya sehemu aliyoichora, akaeleza visima vyake kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa 2007. (Nasi tunaoambiwa kila siku tulete nyaraka!)

Kwa hiyo kamati ilikataa ombi la kuchapisha fulana za nukta kwa ajili ya harambee. Najua wapo waliokasirika, na fedha kweli tulizihitaji. Lakini picha ya aina hii ni kama hati ya shamba la mtu, na sisi hatuna jina kwenye hati hiyo. Kuuza kwa bei ya kutupa nako kumewaumiza: picha ya Clifford Possum Tjapaltjarri, mmoja wa wachoraji wa Papunya, iliyouzwa dola 1,200 mwaka 1977 ilinunuliwa kwa milioni 2.4 mwaka 2007, naye alikwisha fariki. Tangu Juni 2010 sheria inampa mchoraji au warithi wake asilimia 5 picha inapouzwa tena.

Kamati inapendekeza kwamba zawadi zote za chama zinunuliwe kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na jamii zenyewe, zikiwa na cheti chenye jina la mchoraji na kwao. Zitakuwa ghali, na ada itapanda kidogo. Tutapiga kura kabla ya chakula, na wadaiwa wa ada ya mwaka huu wamwone kwanza mweka hazina.