Muuza dawa, uliza kwanza tumbo limeanza kuuma lini

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Sisi wauguzi wa wodi ya upasuaji tumechoka kumpokea mgonjwa tumbo limekaza kama ubao, hataki hata shuka limguse, huku ndugu wakisema ni chango tu na tangu juzi anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ya duka la dawa.

Tumboni kuna utando mwembamba unaofunika utumbo, ini na viungo vingine. Ukiingiwa na vijidudu, huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita peritonaitisi. Mara nyingi kuna kitu kimetoboka. Kidole tumbo wengi wanakijua: maumivu huanzia kitovuni, yakahamia chini kulia. Wasichojua ni kwamba kikipasuka maumivu yanaweza kupoa kwa muda, na hapo familia humshukuru Mungu na kuahirisha safari ya hospitali. Ngiri iliyobana utumbo hadi ukaoza, mimba iliyotolewa kienyeji, ajali ya bodaboda, vyote huweza kumfikisha mtu hapohapo.

Kuna taifodi pia. Siku hizi kila mwenye homa huambiwa ana taifodi na UTI, mpaka tumeizoea kama mafua. Taifodi ya kweli, ikikosa matibabu au dozi ikiachwa njiani kwa kuwa homa imeshuka, huweza kutoboa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, mara nyingi wiki ya tatu ya ugonjwa. Wengi wanaopatwa ni watoto na vijana. Na hiyo diklofenaki yenyewe, ikimezwa mfululizo, huchimba vidonda vya tumbo. Kidonda kikitoboka, tindikali inamwagika ndani. Tundu kama hilo halizibwi na vidonge. Mgonjwa hupasuliwa, tundu likashonwa, tumbo likaoshwa.

Si kila peritonaitisi inataka kisu, lakini. Mtu ambaye ini limeharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B, tumbo likajaa maji, maji yale huweza kuingiwa na bakteria bila tundu lolote. Huchotwa kwa sindano yakapimwa, naye akatibiwa kwa antibayotiki. TB nayo hushambulia utando huo, tena polepole: tumbo linavimba, mwili unakonda, jasho usiku, na mtaani wameshaanza kumtafuta mchawi. Dawa zake ni zilezile za miezi 6, na hapa kwetu hutolewa bure.

Ombi langu ni kwa wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Akija mtu kutaka dawa ya tumbo, muulizeni limeanza lini, kama ana homa au anatapika, kama akikohoa linauma zaidi. Akijibu ndiyo, msimuuzie. Mwelekezeni hospitali siku hiyohiyo. Nanyi mnaomsindikiza, msimnyweshe uji njiani. Akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na chakula, anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Muuguzi, wodi ya upasuaji
Mwanza