Siku ya ubatizo mimbari isinyamaze

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinisumbua kama mwalimu wa darasa la ubatizo na kipaimara. Siku ya ubatizo tumeigeuza kuwa siku ya karamu na picha, na unabii tumeuacha mikononi mwa watu wanaowatabiria waumini magari, viza na wachumba, ilhali katika Injili mambo haya mawili yalianza pamoja, kando ya mto mmoja na kinywani mwa mtu mmoja.

Tusome Luka sura ya 3 bila haraka. Makutano walipomwendea Yohana Mbatizaji ili wabatizwe, aliwaita wazao wa nyoka, akawaonya wasijitape kwamba Ibrahimu ni baba yao. Walipouliza wafanye nini, hakumtabiria hata mmoja wao makuu. Mwenye kanzu mbili aliambiwa ampe asiye nayo; watoza ushuru waliambiwa wasitoze zaidi ya walivyoamriwa; askari waliambiwa wasimdhulumu mtu wala kushitaki kwa uongo, na watosheke na mishahara yao. Kila kundi lilijibiwa kwa jambo lililogusa kazi yake na mfuko wake. Yohana huyo huyo alimkemea mtawala Herode hadi akatiwa gerezani, na Luka anataja kifungo hicho kabla tu ya kusimulia ubatizo wa Yesu mwenyewe.

Linganisha na tunayoyaona makanisani. Mtoto amevishwa nguo nyeupe, mpiga picha amejipenyeza kati ya wasimamizi na kisima cha ubatizo, na kasisi anapouliza kama wanamkataa Shetani na kazi zake zote, jibu linatoka kwa sauti ya chini kana kwamba wanasomewa fomu. Mahubiri yalikwisha mapema, na mara nyingi yalihusu mchango wa jengo. Hakuna aliyewaeleza kazi za Shetani ni zipi katika ofisi ya ardhi, katika kituo cha polisi au katika duka lenye mizani iliyochezewa. Sisi Waanglikana humtia mbatizwa alama ya msalaba na kumwagiza asione haya kumkiri Kristo aliyesulubiwa. Ndugu zetu Wakatoliki humpaka krisma, yaani mafuta matakatifu, na kutamka kwamba anashiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo. Wajibu huo wa kinabii anawekewa hata mtoto mchanga, nasi hatuusemi tena mpaka siku ya mazishi yake.

Wapo wanaoona kwamba hoja kubwa ni maji: kuzamishwa au kumwagiwa, mtoto mchanga au mtu mzima. Sipuuzi mjadala huo, lakini Didake, mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Wakristo nje ya Biblia, inaruhusu kumwagiwa maji mara tatu kichwani pale yanapokosekana ya kutosha, ilhali inatanguliza mafundisho marefu kuhusu njia ya uzima na njia ya mauti, yakiwemo makemeo kwa wanaomwonea maskini, ndipo inaagiza mtu abatizwe.

Mahubiri ya namna hiyo si mageni kwetu. Hapa Kenya, Askofu David Gitari wa Kianglikana alihubiri kutoka kitabu cha Danieli mwaka wa 1987, akaupinga upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri, wakati wengi walikuwa kimya. Miaka miwili baadaye nyumba yake ilivamiwa usiku. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kuhusu mauaji na dhuluma. Hawa ndio ninaowafikiria nisikiapo neno nabii. Mika aliwashutumu manabii waliobashiri ili wapate fedha, na Paulo aliwaagiza Wakorintho wayapime maneno ya manabii, hivyo anayedai sadaka maalumu kabla ya kutoa ujumbe, na kukasirika akiulizwa, amekwisha kujipima mwenyewe.

Nitaambiwa kwamba hii ni kuleta siasa kanisani. Siasa huja kanisani pale mwanasiasa anapopewa kipaza sauti kwa sababu ya bahasha aliyobeba, na ndiyo maana nilifurahi mwaka wa 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa yetu. Kumwambia karani wa kaunti aliyeleta mtoto abatizwe kwamba hongo ni miongoni mwa kazi anazozikataa mbele ya kisima ni Injili yenyewe.

Ombi langu kwa makasisi, wachungaji na mapadre ni kwamba ubatizo ufanyike katikati ya ibada kuu, ushirika wote ukiwepo, na mahubiri ya siku hiyo yatoke Luka 3. Wazazi na wasimamizi wapewe nafasi ya kuuliza kama walivyouliza watu wa Yordani, “Tufanye nini basi?” Na mhubiri amjibu kila mmoja kulingana na kazi yake: mwalimu, askari wa trafiki, mwenye duka, dereva wa matatu.

Mwalimu wa darasa la ubatizo,
Embu