Dada, majibu yale yalikuwa ya baba

Shikamoo dada.

Tangu siku ile yalipotoka majibu ya saratani ya baba tunasalimiana kwa vidole gumba tu kwenye kundi la familia. Mdogo ni mimi, kwa hiyo wa kuvunja ukimya nilikuwa mimi, na nimechelewa. Kabla hujauliza nani kanipa ruhusa ya kuanika mambo ya nyumbani mbele za watu: barua hii nimemsomea baba neno kwa neno. Alitaka niondoe sentensi mbili, nimeziondoa, akasema iliyobaki niitoe. Bila hivyo usingeisoma hapa wala kwingine.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini ombi lile ulilonipa kwenye korido ya hospitali, mimi kama daktari nalipata kila mara kutoka kwa watu nisiowajua, watoto wa wagonjwa, wake zao, waume zao, na wote huwa nawajibu nimesimama, faili mkononi, akili imeshatangulia kitanda kinachofuata. Nawe nilikujibu hivyohivyo. Ulisema, "Usimwambie. Akijua atakata tamaa, atatangulia kabla hata ya ugonjwa wenyewe. Tumwambie ni vidonda vya tumbo." Nikakujibu neno moja: "Hairuhusiwi." Wewe uliyenibeba mgongoni, nikakujibu kama karani wa dirishani. Kwa jibu lile naomba radhi. Kwa kukataa siombi, na sababu zake nataka nikupe leo nikiwa nimekaa.

Kwanza, hukuomba jambo la ajabu. Uliomba kitu ambacho madaktari wenyewe waliwahi kukihesabu kuwa ndio wema. Katika maandishi ya kale yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kuna mahali tabibu anaambiwa amfiche mgonjwa mambo mengi wakati anamhudumia, asimfunulie hali aliyonayo wala inayomngoja. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipoandika kanuni zake za kwanza za maadili mwaka 1847, kilisema daktari awape taarifa ya hatari marafiki wa mgonjwa kwa wakati, na hata mgonjwa mwenyewe, ikilazimu kabisa. Iangalie hiyo "hata" vizuri. Mgonjwa alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya kuujua ugonjwa wake.

Na si mambo ya enzi hizo tu. Mwaka 1961 madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama humwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Takriban 90 katika kila 100 walisema kawaida yao ni kutomwambia. Swali hilo likarudiwa kwa madaktari wengine wa Marekani mwaka 1979, na 97 katika kila 100 wakasema kawaida yao ni kumwambia. Miaka 18 tu. Daktari aliyeajiriwa kijana akiwa mfichaji alifika utu uzima akiwa msema kweli, ndani ya koti lilelile.

Nini kiliwageuza? Mambo mengi, ila mawili nayaona kila siku kazini. La kwanza ni ridhaa. Baada ya madaktari wa Kinazi, wa utawala wa Hitler, kuhukumiwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1947 kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, mahakama iliandika kanuni kumi, na ya kwanza inasema ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa. Kanuni zile zilihusu utafiti, lakini polepole wazo lake likaingia wodini: mwili ni wa mwenyewe, hauguswi kwa ruhusa ya mtu mwingine wakati yeye ana akili zake timamu. Na ridhaa ya mtu asiyejua anaridhia nini ni saini tupu.

La pili ni tiba yenyewe. Zamani saratani nyingi hazikuwa na cha kufanya, kwa hiyo ukweli ulionekana kama mzigo usio na kazi. Leo baba anakaa kwenye kiti kwa muda wa saa nne dawa ikidondoka mshipani. Hebu niambie, dada, tungemwambia ni dripu gani ya vidonda vya tumbo hiyo? Nywele zikianza kubaki kwenye mto tungesema nini? Uongo wa hospitali haukai kwa watu wawili. Ungetulazimu tumwingize muuguzi wa asubuhi na wa usiku, mtu wa maabara, mfamasia, mpaka yule kijana anayesukuma kiti cha magurudumu, kila mmoja akariri maneno yetu. Na mlango wa kliniki umeandikwa SARATANI kwa herufi ambazo baba anazisoma bila miwani.

Naijua korido ile kwa sababu niliwahi kuanguka palepale. Nilikuwa daktari tarajali, zamu yangu imeingia saa ya ishirini na kitu, na kijana mmoja akanivuta pembeni. Mama yake alikuwa amechukuliwa kipande kidogo cha nyama ya mwili kikapimwe, majibu yametoka, yamo mfukoni mwangu. Akaniuliza kwa adabu, machozi yanamlenga, nami nikamwambia. Nilijiona nina huruma. Kilichofuata hakikuchukua hata siku mbili: kijana akamwambia mjomba, mjomba akawapigia wengine, na mama yule akaujua ugonjwa wake kwa simu ya mtu wa mbali aliyempigia kumpa pole. Asubuhi nilipopita aliniuliza, bila ukali wowote, "Daktari, kwani mgonjwa ni mimi au ni mwanangu?" (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Swali sijalibadilisha.) Hakuna aliyenishtaki, hakuna aliyeniandikia barua ya onyo. Alinitibu kwa swali moja, na tangu siku hiyo ndugu akinivuta pembeni mikono yangu huingia baridi. Ile baridi ndiyo uliyoisikia kwenye "hairuhusiwi" yangu.

Najua utaniambia: na nyinyi mnaoutupa ukweli kama jiwe? Kweli wapo. Nimemsikia mwenzangu akimwambia mtu "hii imeshasambaa" huku mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Huo nao ni ukatili, hata kama kila neno ni sahihi. Tuna haraka mbaya. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walipima muda ambao daktari humwacha mgonjwa aeleze shida yake kabla ya kumkatiza, wakapata wastani wa sekunde 18. Utafiti mwingine wa 1999 ukapata sekunde 23. Miaka kumi na mitano tukajirekebisha kwa sekunde tano! Siku yenye wagonjwa hamsini mlangoni hata mimi sina uhakika ningefika 23.

Ila kati ya kuficha na kurusha jiwe kuna kitu cha tatu, nacho ni kuuliza. Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa mwaka 1981, na ndani yake kama linavyosomeka leo kuna haki ambayo watu wengi hawaijui: mgonjwa ana haki ya kutoambiwa, akiomba hivyo mwenyewe waziwazi, isipokuwa pale maisha ya mtu mwingine yanapotegemea taarifa hiyo. Anayo pia haki ya kuchagua ni nani aambiwe badala yake. Kwa hiyo ulichotaka kumpa baba, yaani kinga ya kutojua, kipo. Anayeweza kukiomba ni yeye tu.

Sasa lile jingine linalokuuma: kwamba nina mtandao mzima wa hospitali mkononi na bado sikuchukua usukani. Kwamba nilimwachia "mgeni" amtibu baba yetu. Dada, kanuni zilezile za 1847 zilizokosea kwenye kuficha zilipatia hapa: zinasema wasiwasi wa daktari mbele ya ugonjwa wa mke, mtoto au mtu wa damu yake anayempenda hufunika maamuzi yake. Baba yumo humo, na ungeniona siku ile nisingehitaji kukueleza. Picha za kipimo, majibu yakishatoka, nilizitazama mara tatu nikaona kitu tofauti kila mara. Mtu wa namna hiyo hapimi dozi ya mtu.

Na kuna jambo sijawahi kulisema. Usiku wa kabla ya majibu nilikuwa zamu. Kompyuta ya wodi ilikuwa wazi, neno langu la siri linafungua faili lolote. Niliandika jina la baba. Likatokea, mstari mmoja tu, linangoja nibofye. Nilikaa hapo, sijui dakika ngapi, muuguzi akadhani nimesinzia. Nikalifuta jina, nikaenda kuangalia mgonjwa ambaye hakuwa ameniita. Mimi si daktari wake. Faili lake si albamu ya familia ambayo mtoto mwenye ufunguo anaifungua akijisikia. Kwa hiyo siku ile uliponiuliza "lakini wewe si ulishajua?" ukadhani nakudanganya, sikuwa najua.

(Kwa kuwa tuko hapa: zile picha za vipele mnazonitumia usiku mkitaka jina la dawa, nazijibu "nenda kapimwe" si kwa maringo. Kipele kwenye simu, chini ya taa ya njano, kinaweza kuwa vitu kumi. Nikikosea kwa mgonjwa wangu kuna faili, kuna mwenzangu wa kunisahihisha. Nikikosea kwako kuna wewe tu.)

Turudi kwenye chumba cha daktari, siku ile ya majibu. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unalia na sidhani ulisikia yote. Daktari wake alivuta kiti akakaa, simu akaigeuza kifudifudi. Hakuanza na majibu. Alimuuliza baba anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake mpaka hapo. Baba akasema, "Nimeshasoma mlango." Kisha akaulizwa: majibu haya ungependa uyasikie kwa kiasi gani, na ungependa nani awepo? Baba alinyamaza muda mrefu kuliko sekunde 23, na daktari hakumkatiza. Akasema anataka jina la ugonjwa. Anataka kujua dawa zitamfanya nini, zinatibu au zinapunguza. "Ila miezi msinihesabie." "Kama kuna hesabu ya namna hiyo, apewe binti yangu mkubwa." "Huyu wa hospitali," akasema akininyooshea kidole, "mwacheni awe mwanangu."

Mimi nikatoka, wewe ukabaki.

Nimekuja kuelewa kwamba hasira yako haikuanzia kwenye korido. Ulitaka baba asibebe, na mzigo ukaishia kichwani kwako, wakati nyumba nzima inajua kuwa mimi ndiye niliyesomea kuubeba. Hukuchagua. Alichagua yeye, na pengine alikujua vizuri kuliko tunavyojuana sisi: ni wewe uliyeweza kukaa na jambo miaka bila kulimwaga, mimi uso wangu husomeka kutoka getini. Kama umechoka nalo, daktari wake anayo saa ya kuzungumza nawe peke yako, nimemuuliza kama ipo, sikumuuliza mtasema nini. Na kwangu unaweza kuja ukasema "leo ni nzito" tu, tukakaa.

Madaktari wenzangu hawaamini ninapowaambia kwamba sijui baba amekadiriwa muda gani. Nimekaa naye Jumapili tatu, nimemshika mkono wenye sindano, nimemrekebishia mto, nimeona anavyopungua na akili yangu ya kazini ikaanza kupiga hesabu yenyewe, nikaizuia. Unayejua ni wewe, dada. Sijakuuliza, na Jumapili tukikutana pale kitandani sitakuuliza.

Mdogo wako.