Somo, ile soya

Mbagala, Jumanne usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi sana. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, kama mwalimu alivyotukaririsha darasa la nne. Mimi sijambo, watoto wazima, mvua zimeshika na bondeni kwetu tunavuka kwa kupandisha gauni magotini. Haya, hayo yameisha. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ya shemeji inaita mpaka inakata, na Hamisi anapanda basi la Songea kesho alfajiri. Ndiyo maana naandika hapa juu ya cherehani, kazi ya watu nimeisukuma pembeni.

Mama ameze kile kidonge chake cha tezi ya shingo kwa maji matupu. Maziwa ya soya asinywe pamoja nacho. Nimelitanguliza hili ili hata ukiishia hapa kwa kuitwa na wateja, liwe limekufika.

Sasa nikueleze, maana chanzo ni mimi na mdomo wangu.

Ule mfuko wa soya ulionitumia mwezi wa kumi ulinikuta na kilo 89 na sare ya harusi ya Mwajuma ambayo niliishona mwenyewe na ikanikataa mwenyewe. Fundi mzima, zipu imegoma mgongoni! Mama Chausiku akasema dawa ni maziwa ya soya, yanakata mwili kama sabuni inavyokata mafuta ya sufuria. Unamjua akiongea. Nikaamini.

Nikaloweka usiku kucha. Asubuhi nikamwaga yale maji, nikafikicha mpaka maganda yakaelea, nikasaga kwa maji ya moto. Ukisagia maji ya baridi inatoa harufu ya maharage mabichi, baba Neema anahama meza. Kukamua nikakamulia kifumbu cha nazi cha marehemu bibi. Hapo nilijiona mjuzi, ila povu likanidanganya. Soya haijachemka hata kidogo, tayari imeshapanda mpaka mdomo wa sufuria kama maziwa ya ng'ombe yaliyokwiva. Nikaepua, tukanywa, usiku ule tukapishana chooni nyumba nzima. Kumbe soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na hakiondoki ila kwa moto. Povu likipanda unapunguza moto, unakoroga, linatulia, ndipo unaiacha itokote robo saa nzima. Mama yako anajua hilo? Mwulize.

Basi, wiki ya pili sketi ikalegea. Somo, nilivyofurahi! Nikashika simu, nikamtangazia kila mtu, na wewe ukiwamo: soya imenitoa tumbo. Tatu wetu naye akaanza kunywa. Ukanijibu kwamba na mama ameanza, kikombe kila asubuhi, na nikacheka kwa raha.

Kwenye mizani ya zahanati nikakuta kilo 90.

Nikadhani mizani mbovu. Nesi akapanda yeye, akashuka, akaniambia mizani nzima. Akanikalisha, akaanza kunihoji kama polisi: ulikuwa unakunywa nini kabla? Nikasema chai ya maziwa freshi. Tumbo lilikuwa linajaa? Nikasema linajaa mno, linanguruma hadi kanisani. Akacheka. Watu wazima wengi, anasema, miili yetu haisagi vizuri ile sukari ya maziwa ya ng'ombe, na soya haina sukari hiyo. Kwa hiyo kilichotoka kwenye sketi yangu kilikuwa hewa! Mafuta yako palepale, yananisubiri. Nilitangaza kwa dunia nzima kwamba nimepungua kumbe nimepunguza gesi.

Halafu akachukua kalamu. Kikombe cha maziwa freshi yasiyoenguliwa kina kama kalori 150. Cha soya isiyotiwa sukari kama 80. Nikasema si ndiyo hiyo, nimeokoa 70. Akaniuliza sukari je? Nikanyamaza. Unanijua, vijiko viwili vya mezani, vya mlima. Hata vingekuwa vya kusawazisha, hivyo peke yake ni kama kalori 100. Yaani soya yangu ilikuwa inayazidi maziwa niliyoyakimbia. Na chai yenyewe sikuiacha, niliigeuza tu ya rangi: nilikuwa nakunywa soya kama dawa, kisha nakaa kunywa chai na mandazi kama kawaida, kwa moyo mweupe. Na machicha sikutupa, dhambi kutupa chakula. Nikayachanganya na kitunguu na pilipili nikakaanga bajia. Nzuri sana, nitakufundisha. Ila nilikula mimi karibu zote.

Hata ningekunywa kavu bila sukari, akasema, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukiokoa 70 kwa siku, gawanya. Siku 110, somo. Karibu miezi minne kwa kilo moja! Nilitamani kumpigia Mama Chausiku pale pale.

Sitaki kuisingizia soya, lakini. Tangu mwezi wa pili kikombe kimoja bila sukari kimeshika nafasi ya ile chai na maandazi mawili, wala si juu yake. Kina protini karibu gramu 7, pungufu kidogo tu ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo naweza kukata vitambaa mpaka saa saba sijamtuma mtoto kwa muuza chapati. Nimeshuka kilo mbili na nusu. Baba Neema anasema ni maandazi ndiyo yaliyoshuka, soya imekaa tu kwenye kiti chao. Sikumjibu, maana ni kweli na sipendi akiwa kweli.

Sasa Tatu. Hapa ndipo penye roho yangu.

Unajua alivyokatwa rovu mwaka ule, na tangu hapo anaishi kwa kidonge cha kila asubuhi, kama kile cha mama. Mimi nilisahau. Nilikuwa napita kwake Jumapili naye ananionyesha chupa yake ya soya, ananishukuru. Mwezi wa kwanza akaanza kulalamika uchovu. Nikamwambia ni joto. Mwezi wa pili anajifunika kanga mbili, Dar es Salaam, Februari! Anasikia baridi. Ngozi imekauka, choo kigumu, na mwili unaongezeka, yeye anayekunywa soya apungue. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia aongeze kikombe cha jioni.

Alipokwenda kupimwa damu wakakuta dawa haimtoshi. Daktari akamwuliza kidonge anakimeza saa ngapi na anakisukumia na nini. Akajibu kwa fahari, saa kumi na mbili, kwa maziwa ya soya. Akaambiwa hapo ndipo palipoharibika. Soya inaizuia ile dawa isiingie vizuri mwilini, dawa inapita tu na kwenda zake. Hakukatazwa soya. Ameambiwa kidonge peke yake na maji, tumbo likiwa tupu, na soya isubiri hadi zipite saa nne tangu ameze. Wiki sita hivi zikipita arudi kupimwa tena.

Alinihadithia bila kunilaumu hata neno, akanitengea na chai. Ingekuwa heri angenitukana. Nilivyorudi nyumbani ndipo nikakumbuka ujumbe wako: "mama anasukumia kidonge na soya yako, anakusifu." Sijalala vizuri tangu siku hiyo, nawapigia, simu haipatikani, na mama wa watu ananisifu.

Kwa hiyo narudia, unisamehe. Akimeza saa kumi na mbili, soya ni kuanzia saa nne asubuhi. Kidonge asikiache, hata kama atasema anajisikia vizuri. Wazee wa huko mnawajua, akisikia dawa na soya hazipatani ataacha dawa abaki na soya, maana soya haina daktari. Mpeleke akapimwe damu na mwambie daktari habari ya soya, asifiche. Nauli ya kwenda hospitali nimempa Hamisi kwenye bahasha, usinirudishie na usinigombeze.

Na Zuhura umwambie, kama bado anafikiria kumpa yule mchanga soya badala ya ziwa lake, asithubutu. Hayo nayo alitoa kwa Mama Chausiku, nina hakika.

Nilitaka kukueleza na habari ya mjomba na lile shamba, lakini taa imeanza kupepesa na umeme wetu ukipepesa... Hamisi atakusimulia, mchokoze tu.

Sasa nijibu. Mama anasikia baridi kuliko kawaida? Anasinzia mchana? Sauti imebadilika, imekuwa nzito? Hilo Tatu nalo lilimpata. Anakunywa kikombe kimoja au ameongeza kwa ushauri wa wenye midomo kama mimi? Simu yako imekuwaje, imeibwa au ni yule mtoto tena? Mmevuna? Ukivuna utanitumia debe lingine? Safari hii usichukue ile inayouzwa kwa wenye kuku, nilichambua kokoto mpaka macho yakaniuma. Na wewe mwenyewe umefika kilo ngapi? Mbona kwenye picha ya ubarikio umesimama nyuma ya watu wote?

Shikamoo zangu zimfikie mama. Umwambie mimi mwenyewe nitampigia kumwomba radhi, Hamisi akishafika tu na kuniambia namba inayopatikana.

Ni mimi somo yako,
Rehema

Ile sare ya Mwajuma niliitanua ubavuni. Hakuna aliyejua.