Keki ya jibini isiyookwa, Jumamosi

Habari zenu wapendwa. Kila mmoja aje na gramu 300 za matunda ya bustanini kwake, yaliyoiva lakini hayajalegea.

Kwa chombo cha sentimita 20: biskuti zilizosagwa gramu 200, siagi ya kuyeyusha 100, jibini laini 400, sukari ya unga 80, krimu nzito mililita 250, jelatini (ya kugandishia) gramu 10.

Jibini litoke kwenye friji saa moja kabla. Likiwa baridi hubaki na vidonge, na ukizidi kupiga ili kuviondoa, krimu inakatika. Jelatini iloweke dakika 5 kwenye vijiko 4 vya maji baridi, iyeyushe bila kuichemsha, uikoroge kwanza na jibini kidogo. Ukiimimina yote kwenye ubaridi, inakuwa nyuzinyuzi.

Wenye mananasi na mapapai, tafadhali sana: yachemsheni dakika 5. Yasipopikwa, vimeng'enya vyake hukata protini ya jelatini na keki haigandi hata ilale kwenye friji usiku kucha. Stroberi zikaushwe kwa kitambaa, zipangwe juu wakati wa kuandaa tu, maana huchuja maji mekundu.

Kugandisha huchukua saa 6, kwa hiyo tunaanza asubuhi.